Mpaka Uliopita Uani kwa Bi Mwatumu

Nchi ninayotaka kuisimulia si yenu. Nasema mapema ili asitokee mtu akaanza kujikuna. Ni nchi ndogo, iko mahali fulani kati ya milima na Jirani. Jirani ndilo jina rasmi la dola lililoko upande wa pili, kwa sababu sisi raia tulikatazwa kulitamka jina lake lenyewe, isije ikaonekana tunalizoea. Jirani alikuwa na jeshi. Sisi tulikuwa na bendi ya jeshi. Jirani alikuwa na bwawa la umeme, na sisi tulikuwa na waya uliotoka kwenye bwawa hilo, na mwisho wa waya zikining'inia balbu zetu.

Basi akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje aitwaye Daktari Anselmi Ngwatura, mtu mrefu wa suti za kijivu, aliyesoma ng'ambo mpaka vyuo vikamwishia. Alirudi na kitu kimoja sandukuni, na kitu hicho kiliitwa Uhalisia wa Kisiasa. Bunge likamwita aje aeleze ni kitu gani, kama ni mbegu au ni mashine.

"Waheshimiwa," alisema, "Uhalisia ni kuitazama dunia kama ilivyo, si kama tungependa iwe. Mtu binafsi anaweza kuwa na huruma, hatumkatazi. Dola haliwezi. Dola halina moyo, lina mipaka. Dola halina rafiki, lina mahitaji. Anayeingiza mambo ya wema na ubaya katika siasa za nje ni sawa na mtu anayekwenda vitani na kitabu cha mapishi."

Wabunge walipiga makofi, hasa waliokuwa wamelala, maana makofi ya wenzao ndiyo yaliyowaamsha na hawakutaka kuachwa nyuma. Mbunge mmoja wa mashambani, Mzee Chiwaligo, akasimama.

"Mheshimiwa Spika, nauliza tu. Huo Uhalisia, ukishaitazama dunia ukaona ni mbaya, unaruhusiwa kuirekebisha?"

"Hapana," Waziri alijibu. "Ukianza kurekebisha unakuwa si mhalisia tena. Unakuwa mshairi."

Mzee Chiwaligo akakaa. Uchaguzi ulikuwa karibu, hakutaka kuitwa mshairi mbele ya wapiga kura.

Wizara ikabadilika palepale. Idara ya Ujirani Mwema ikaitwa Idara ya Maslahi, na maofisa wake wakaacha kuamkiana ovyo. Mtu akikutana na mwenzake kwenye ngazi alisimama kwanza, akapima: huyu ana cheo gani, ana gari, atanifaa nini mwaka huu? Akiona faida, "Habari za asubuhi." Asipoona, alimpita kama unavyopitwa mlingoti. Mama wa chai aliamkiwa na wizara nzima birika lilipokuwa linaingia, na likishatoka hakuna aliyemfahamu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu, na kikwazo chenyewe kilikuwa ndani ya Katiba.

Waasisi wa nchi yetu walikuwa wakulima pamoja na wapishi kadhaa wa harusi, na Katiba waliyoiandika ilijaa vifungu ambavyo hakuna aliyevielewa, isipokuwa kimoja. Hicho kilisema kwamba mgeni akishaingia chini ya paa la mtu, akapewa maji akanywa, hatoki mpaka aombe njia kwa kinywa chake, na mwenyeji amruhusu kwa kinywa chake. Ndivyo tulivyokuwa miaka yote. Mgeni anajikohoza, anasema, "Jamani, naomba njia." Mwenyeji anasema, "Mbona mapema, kaa kidogo." Mgeni anaomba tena, mwenyeji anasema, "Haya, tumekuruhusu." Bila maneno hayo, kumtoa mgeni lilikuwa kosa sawa na kumuua. Ndiyo sababu shemeji yake Spika yuko kwa Spika mpaka leo. Ndiyo sababu mkaguzi mmoja aliyetoka mbali kuja kukagua barabara, akanywa maji nyumbani kwa Mkuu wa Mkoa, ameoa palepale na ana wajukuu. Barabara hakuiona.

Sasa upande wa Jirani alikuwako mtangazaji wa redio aitwaye Tegemea Lukindo. Kazi yake ilikuwa kusoma hotuba za Jemadari, mtawala wao, na hotuba hizo zilisomwa kila alasiri tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Siku moja, alipomaliza kusoma na kabla fundi mitambo hajazima kipaza sauti, Lukindo akashusha pumzi.

Nchi nzima ilisikia. Haikuwa pumzi ndefu, lakini ilikuwa na uzito. Watu majumbani wakatazamana. Wengine, kwa uzembe, nao wakashusha za kwao. Jemadari akaunda tume, tume ikajifungia ikaisikiliza pumzi ile kwenye kanda, ikaisikiliza tena kwa mwendo wa polepole, kisha ikatoka na matokeo: ilikuwa pumzi ya uchochezi. Adhabu yake ilikuwa risasi.

Lukindo alivuka mpaka akiwa na ndala mguu mmoja, akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ya Bi Mwatumu, mjane wa kijiji cha Kipingo, mama aliyefuga bata na ambaye hakupenda kelele.

"Hodi," Lukindo aliita.

"Unanitishia bata. Sema taratibu."

"Samahani, mama. Naomba maji."

Bi Mwatumu akampa maji, akanywa. Baadaye mwanamke huyo aliwaambia majirani kwamba laiti angejua jinsi mtu mwenyewe anavyokoroma, angempa chungwa.

Nisiwadanganye, Lukindo hakuwa mgeni mwepesi. Alisoma kwa sauti kila kitu chenye maandishi, hata paketi ya majani ya chai, na alikisoma kama taarifa ya habari. Alikaa kwenye kiti cha marehemu. Na kila alipowekewa chakula alionja, akatafakari, akatoa taarifa.

"Mchuzi umezidi chumvi kidogo, mama."

"Wewe Lukindo, huna kwenu?"

"Ninako. Ndilo tatizo."

"Basi kaa. Lakini mchuzi wangu usiutangaze."

Habari zikafika kwa Jirani, na balozi wake akaja wizarani. Alikuwa mtu mpole, anamenya karanga moja moja na kuyapanga maganda vizuri juu ya meza ya mwenyeji wake. Hakuwahi kupandisha sauti. Aliye na bwawa la umeme apandishe sauti ya nini.

"Tunamtaka mtu wetu," alisema.

"Mheshimiwa Balozi," alisema Daktari Ngwatura, "Katiba yetu ina kifungu..."

"Nimekisoma. Kizuri sana. Hata mimi kwetu nimelelewa hivyohivyo." Akamenya karanga nyingine. "Balbu zenu zinaendeleaje?"

Umeme ukakatika kabla balozi hajafika getini. Mwanzoni hatukujali, kwani kukatika ilikuwa tabia yake. Ulipozidi kutorudi, mashine za kusaga zikanyamaza, maji yakakauka kwenye mabomba, na katika Hospitali Kuu zikapoa zile mashine za joto wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wauguzi wakawafunga watoto vifuani kwa kanga, wakapokezana. Baadhi ya watoto waliishi. Baadhi hawakuishi. Kuhusu hao sina mzaha wa kusema.

Serikali ikaunda Kamati ya Taifa ya Kumchosha Mgeni. Kwa kuwa sheria ilikataza kumtoa lakini haikukataza kumkera, bendi ya jeshi ilipelekwa Kipingo ikapige chini ya dirisha lake. Mpiga tarumbeta mmoja ameniapia kwamba Lukindo alitoka barazani, akakaza kola, akasema kwa ile sauti yake ya hewani: "Wasikilizaji, mnaburudishwa na bendi ya jeshi, na wimbo unaofuata ni wa taratibu." Bendi haikuwahi kutangazwa namna hiyo tangu iundwe. Ilipiga kwa moyo mpaka kiongozi wake akalia, na ikabidi irudishwe mjini. Akatumwa sheikh, akatumwa padri pia, wamsimulie uzuri wa kurudi nyumbani. Akatumwa mtaalamu wa adabu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mgeni na kutazama saa yake, kisha kumtazama mgeni, kisha saa. Lukindo alimsomea ile saa: kampuni, nchi ilikotengenezwa, na kwamba haiingii maji.

Aliyechoka ni Bi Mwatumu. Bata waliacha kutaga.

Ikabidi Waziri aende mwenyewe. Alifika na msafara, akainama kwenye mlango ule mfupi, akakaribishwa kiti. Bi Mwatumu akamletea maji kwenye bilauri.

"Asante mama, sina kiu," Waziri alisema, akaisogeza bilauri mbali, maana alikuwa mhalisia na sheria aliijua. Lukindo alikuwa pembeni, sahani ya wali magotini.

"Mama, sikuja kukutisha. Nimekuja kukuonyesha dunia ilivyo. Huku kuna mtu mmoja. Huku kuna nchi nzima haina umeme, na watoto wanakufa hospitalini wakiwa wadogo kama viganja. Sikuyapanga hivyo mimi. Nimeyakuta."

"Umeme nani kaukata?"

"Jirani."

"Basi watoto nani kawaua?"

Waziri akaitazama bilauri. "Hilo ni swali la wema na ubaya, mama. Mimi ni wa Mambo ya Nje."

Kisha Lukindo akaweka sahani chini. Habari ya watoto hakuwa nayo, kwa kuwa redio ya Bi Mwatumu ilikuwa ya umeme. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akajikohoza.

"Mama, naomba njia."

Waziri akafumba macho, kama mtu anayehisi balbu inawaka mahali fulani mbali.

"Mbona mapema," alisema Bi Mwatumu. "Kaa kidogo."

"Naomba njia, mama." Safari hii sauti haikuwa ya redioni hata kidogo.

"Nimekusikia. Sikuruhusu."

"Watoto, mama."

"Hao watoto wameniumiza kuliko unavyojua, mimi nimezika wangu wawili. Lakini aliyewaua hakuingia humu akaomba maji. Uliyeingia ni wewe. Kula wali."

Waziri akafumbua macho. "Lakini mama, humpendi huyu. Taarifa ninazo. Umelalamika kijiji kizima kwamba anakoroma."

"Simpendi kabisa. Kwani nani kasema nampenda? Nimesema simruhusu."

Msafara ukarudi mjini. Waziri hakutamka neno njia nzima, na wasaidizi wake wakamwogopa, wakijua anafikiri. Alipofika alikuwa amepata. Akaenda Bungeni akaieleza fikra yake, na nakiri kwamba ilikuwa na akili ndani yake, akili nyingi, kama mtego wa panya ulivyo na akili.

"Kifungu kinasema mgeni hatolewi ndani ya nyumba," alisema. "Hakikusema popote kwamba nyumba haitolewi ndani ya nchi. Hatutamgusa mgeni. Hatutamsogeza hata kidole. Tutausogeza mpaka."

Mzee Chiwaligo akasimama tena.

"Na mwenye nyumba je? Naye tunamtoa?"

"Atakuwa raia wa pale atakapokuwa amesimama."

"Na akiwa amekaa?"

"Vivyo hivyo."

Hoja ikapita. Waliosema ndiyo walikuwa wengi, na Mzee Chiwaligo aliyesema siyo aliandikwa katika kumbukumbu za Bunge kama mshairi.

Wapima ardhi walikwenda Kipingo na gunia la chokaa. Waliamriwa wampe Jirani nyumba na wasimpe kipande cha ziada, maana serikali haikuwa inagawa nchi ovyo. Nyumba ya Bi Mwatumu ilikuwa kama nyumba nyingi za huko: jiko lilikuwa banda la peke yake, ng'ambo ya ua. Chokaa ikapita katikati ya ua. Nyumba ikawa ya Jirani, jiko likabaki letu, na bata wakagawanyika kadiri walivyokuwa wametawanyika.

Ilikuwa mchana na Bi Mwatumu alikuwa jikoni, anaondoa mwiko kwenye sufuria. Askari wa Jirani walishapangwa upande wa mbele tangu asubuhi. Mstari ulipokamilika, kiongozi wa bendi akainua fimbo, wimbo wa taifa ukapigwa, na askari wale wakaingia kwa mlango wa mbele. Bi Mwatumu akatoka na sahani mkononi. Kwenye chokaa alisimama kijana wa Jirani mwenye bunduki.

"Pasi ya kusafiria, mama."

"Ya kwenda wapi?"

"Nje ya nchi."

"Pale ni chumbani kwangu. Naona kitanda kutoka hapa."

"Nakuelewa, mama. Pasi."

Wakamtoa Lukindo, mikono imefungwa nyuma, wakampitisha ubavuni mwa nyumba, hatua chache kutoka kwenye chokaa. Alipomwona amesimama na sahani, akapunguza mwendo.

"Mama, mchuzi wa leo unanukia vizuri."

"Una chumvi," Bi Mwatumu alisema.

Wakamsukuma akaenda.

Alipigwa risasi kabla ya alasiri. Redio ya Jirani ilitangaza habari hiyo kwa wakati wake, na msomaji mpya hakuvuta wala kushusha pumzi mpaka mwisho wa taarifa. Umeme ulirudi. Watu walikimbilia barabarani wakashangilia, na mimi siwalaumu, hata mimi nilikuwa na sindano za dawa za kuhifadhi kwenye friji. Waziri alipewa nishani. Katika hotuba yake alisema kwamba Katiba haikuvunjwa, mgeni hakufukuzwa, damu haikumwagika katika ardhi yetu, na kwamba huo ndio Uhalisia, na kwamba vyuo vya ng'ambo vitaufundisha.

Kumbe kulikuwa na wahalisia wengine.

Balozi alirudi na karanga zake. Alisema Jemadari ameupenda sana utaratibu wetu, ni safi na wa kistaarabu, na sasa anakitaka kisima cha Kipingo.

"Kwa nini?" Waziri aliuliza.

"Kwa sababu mtatoa."

Daktari Ngwatura alitafuta jibu katika yote aliyoyasoma, na kila ukurasa ulikuwa upande wa balozi. Kisima kikaenda. Ikafuata shule, chokaa ikipita kati ya madarasa na vyoo. Kikafuata kilima cha kahawa, kisha stesheni ya garimoshi, kisha zahanati. Bendi ilipiga kila mahali, na ilizoea hata ikawa inafika kabla ya wapima. Waziri alieleza kila mara, bila kuchoka, kwamba tunaulinda uhuru wetu kwa kuupunguza mpaka ufikie ukubwa unaolindika.

Jiko la Bi Mwatumu lilienda pamoja na kilima. Safari hiyo hakuwapo. Alikuwa ameshashika njia ya kuja mji mkuu, na bata mmoja kwapani, yule aliyekuwa wetu.

Alifika nyumbani kwa Waziri akapiga hodi. Aliyefungua ni mke wa Waziri, Mama Paskazia, mama wa watu asiyejua Uhalisia, aliyelelewa kumwonea haya mtu mzima aliyesimama juani. "Karibu, mama. Pole na safari. Nikupe maji?"

Bi Mwatumu akanywa bilauri yote, akarudisha bilauri, akakaa kwenye kochi.

Waziri aliporudi kutoka kazini alimkuta hapo, bata amelala juu ya zulia. Aliitazama bilauri tupu muda mrefu.

"Mama," alisema mwisho, "unataka nini? Nyumba? Fidia? Sema, mimi ni mtu wa mapatano."

"Sitaki kitu, baba. Nimekuja kuwatembelea."

"Kwa muda gani?"

"Huo ni utovu wa adabu kumwuliza mgeni."

Sasa yuko pale. Kamati ya Kumchosha Mgeni ilifufuliwa kwa siri na mtaalamu wa saa akaletwa, lakini Bi Mwatumu amemzoea tangu Kipingo na humwagiza maji ya bata. Haombi kitu, hagombi na mtu. Chakula anachowekewa anakula na hatoi taarifa yoyote. Mara mojamoja Waziri akipita sebuleni na mafaili yake, humtazama tu, kama mtu anayesubiri usafiri.

Juzi Waziri aliwaita wapima ardhi akawauliza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, kama kuna uwezekano wa mpaka kufika hata hapa kwenye kochi, kochi peke yake. Wapima wakakunjua ramani mezani. Wakamwambia Mheshimiwa asijisumbue kutunga sheria. Kwa mwendo huu utafika wenyewe, na hautaishia kwenye kochi.

Mama Paskazia alisikia nyuma ya mlango. Naye ni binadamu, hofu ikamshika, akamfuata mgeni wake. "Mama, nimeshindwa kukaa bure," alimwambia, "njoo basi jikoni tuchambue mchele, tuzungumze."

"Utaniwia radhi, mwanangu," alisema Bi Mwatumu, akamsogezea nafasi kwenye kochi. "Nyumba yangu waliichukua nikiwa jikoni. Safari hii nataka wanikute sebuleni."